Sura ya Sita: Karatasi Yenye Matundu

Kando ya barabara kuu ya Butembo, mashariki mwa Kongo, ile inayopanda na kushuka vilima ikielekea Beni, viko vibanda ambavyo biashara yake ni kujaza nyimbo. Ndani hakuna gitaa wala ngoma. Kuna kompyuta kuukuu, spika zinazopigia kelele mtaa mzima, furushi la waya za kuchajia simu, na kijana mmoja anayejua kila kitu kilipo. Mteja anachomoa kadi ya kumbukumbu kwenye simu yake na kutaja anachotaka: rumba za zamani, nyimbo za Injili, za harusi za Kinande, za Kinshasa zilizotoka wiki hii. Baada ya muda mfupi kadi imejaa. Akifika nyumbani na kuifungua, sehemu kubwa ya nyimbo hazina jina. Ziko "Piste 01" na "Piste 02", ziko namba tupu, na pale panapostahili jina la mwimbaji kompyuta imeandika kwa Kifaransa kwamba msanii hajulikani.

Huyo asiyejulikana huenda anaishi Mususa au Vulamba, ng'ambo ya bonde tu, na majirani zake wanamwita kila asubuhi kwa jina la ubatizo na la ukoo.

Watu wengi huilaumu kompyuta, au kijana wa kibanda, au Wachina wanaotengeneza kadi hizo zinazoshuka Mombasa na kuvuka mpaka Kasindi. Mimi nadhani mzizi uko mbali zaidi. Uko kwenye karatasi. Kabla ya kadi, kabla ya kaseti na santuri, muziki ulikwisha kuhifadhiwa kwa matundu yaliyotobolewa kwenye karatasi, na tangu siku hiyo sauti na jina la mwenye sauti vikawa vitu viwili vinavyosafiri kila kimoja kivyake.

Habari yenyewe inaanzia kwenye nguo. Katika mji wa Lyon, Ufaransa, mwaka 1725, fundi wa vitambaa aitwaye Basile Bouchon alitumia ukanda wa karatasi yenye matundu kuamuru ni nyuzi zipi za mtande ziinuliwe na zipi zibaki chini. Kazi yake ikaendelezwa na wengine, na mwanzoni mwa karne ya 19 Joseph-Marie Jacquard akaunda mtambo wa kufumia uliosambaa Ulaya nzima, ukiendeshwa kwa kadi ngumu zilizotobolewa. Tundu lipo, uzi unainuka. Tundu halipo, uzi unalala. Wenye akili ya muziki hawakukawia kuona kwamba pale palipo na uzi wa pamba panaweza kuwekwa uzi wa kinanda. Mwaka 1842 Mfaransa mwingine, Claude Seytre, alipata hataza ya kinanda cha kadi zenye matundu. Mwaka 1883 kampuni ya Welte ya Ujerumani ikaanza kutumia magombo ya karatasi kwenye mashine zake kubwa za muziki, zile zenye filimbi, ngoma na kengele ndani ya kabati moja. Na mwaka 1895 Mmarekani Edwin Votey akatengeneza Pianola, jina ambalo baadaye watu walilitumia kwa kila kinanda cha kujipiga, awe amekitengeneza yeyote.

Ndani yake mna ufundi wa kupendeza, na haudai mafuta wala betri. Gombo ni ukanda wa karatasi wenye upana wa sentimita 28 na ushei, unaoviringika kutoka kijiti kimoja kwenda kingine. Njiani hupita juu ya upau wa shaba wenye matundu 88, moja kwa kila kibonyezo. Mchezaji, kama tukikubali kumwita hivyo, anakanyaga pedali mbili zinazoendesha mvukuto. Lakini mvukuto huu ni kinyume cha ule wa mhunzi: badala ya kupuliza, unavuta. Hewa inanyonywa kutoka ndani ya mashine, na karatasi inabanwa kwenye upau kwa nguvu hiyo ya kunyonya. Tundu la karatasi likifika juu ya tundu la shaba, hewa ya nje inaingia ghafla, inainua kiwambo kidogo cha ngozi, vali inafunguka, na mvukuto mdogo wa noti ile unasinyaa na kurusha nyundo. Waya unalia. Noti ya kukaa muda mrefu ina tundu refu, ya haraka ina nukta. Wimbo mzima wa dakika nne unakuwa mita kadhaa za nukta na mistari.

Mtu wa Butembo atakielewa chombo hiki kuliko mtu wa Brussels. Huu ni mji ambao kwa miongo mingi ulikua, ukajenga maghorofa na kuagiza makontena kutoka Dubai na Guangzhou, bila kuunganishwa na umeme wa shirika la taifa. Taa zilitoka kwenye jenereta za wafanyabiashara na paneli za jua. Chombo cha muziki kinachoendeshwa kwa nguvu za miguu kingepata heshima yake hapa.

Sasa tuje kwenye lebo, maana ndiyo shabaha ya sura hii.

Gombo la muziki, ukilikuta limelala bila kisanduku, ni kitu kisichosema lolote. Hakuna jicho linaloweza kutazama matundu yale na kusema huu ni waltzi au huu ni wimbo wa kanisa. Kwa hiyo kila gombo lilipewa karatasi mbili za maandishi. Moja ilibandikwa kwenye ncha ya kisanduku chake, ili mtu aliyepanga mamia ya visanduku rafuni aweze kuchagua bila kuvifungua. Nyingine ilikuwa mwanzoni mwa gombo lenyewe, kwenye kile kipande kitupu kinachopita kabla ya noti ya kwanza. Hapo paliandikwa jina la wimbo, mtunzi, mpigaji ikiwa gombo lilirekodiwa kwa mikono ya mtu, namba ya gombo katika orodha ya kiwanda, na mwendo. Mwendo uliandikwa kwa tarakimu. Tempo 70 ilimaanisha futi saba za karatasi kwa dakika, kama mita mbili na sentimita kumi na tatu. Ukikosea tarakimu hiyo, maombolezo yanageuka kuwa ngoma ya harusi.

Mwaka 1908 watengenezaji wa Marekani walikutana katika mji wa Buffalo wakakubaliana juu ya vipimo vya pamoja, na kilichoshinda ni kile cha matundu tisa kwa kila inchi ya upana, noti 88. Kuanzia hapo gombo la kiwanda kimoja liliweza kupigwa kwenye mashine ya kiwanda kingine, sawa na kadi ya leo inavyoingia kwenye simu yoyote. Biashara ikafura. Mwaka 1923 zaidi ya nusu ya vinanda vilivyotengenezwa Marekani vilikuwa vya kujipiga. Kisha zikaja redio na gramafoni ya umeme, ukaja na mdororo wa uchumi wa 1929, na ndani ya miaka michache viwanda vikafunga milango.

Walakini magombo yalibaki, na kwenye baadhi yake ile karatasi ndogo ya maandishi ina thamani kupita matundu yenyewe. Mnamo Novemba 1905 Gustav Mahler, mtunzi mkubwa wa simfonia, aliketi mbele ya kinanda cha Welte mjini Leipzig akapiga vipande vya kazi zake, na mashine ikanakili kila kidole chake. Mahler hakuacha rekodi nyingine yoyote ya upigaji wake. Scott Joplin, Mmarekani mweusi aliyeitwa mfalme wa muziki wa ragtime, naye alipiga magombo machache mwaka 1916, mwaka mmoja kabla ya kufariki. Ng'oa lebo kwenye magombo hayo, na huna Mahler wala Joplin. Una karatasi yenye matundu.

Na lebo zilidanganya pia. Mpangaji hodari wa kampuni ya QRS, J. Lawrence Cook, alitoboa magombo kwa maelfu, na mengine yalitoka yakiwa na majina ya wapigaji ambao hawakuwahi kuzaliwa. Ilikuwa ni yeye tu, amejificha nyuma ya majina ya kubuni ili orodha ya kampuni ionekane na wanamuziki wengi.

Palitokea pia kesi moja ambayo kila mwanamuziki wa Beni na Butembo anapaswa kuijua, ingawa ilihukumiwa Washington. Kampuni ya Apollo ilikuwa ikiuza magombo ya nyimbo mbili za mtunzi Adam Geibel bila kumlipa mchapishaji wake. Mchapishaji akashtaki. Februari 1908 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba gombo si nakala ya wimbo, kwa sababu binadamu hawezi kulisoma kwa macho. Ni kipande cha mashine tu, kama gurudumu. Geibel alikuwa kipofu tangu utotoni. Karatasi ya noti za kawaida asingeweza kuisoma vilevile, lakini gombo likipita kwenye kinanda angeutambua wimbo wake kabla ya mstari wa kwanza kwisha. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani lilirekebisha mambo kwa sheria mpya: kila gombo na kila santuri itakayouzwa, mtunzi alipwe senti mbili. Haki hiyo ya kulipwa kwa kila nakala iliyotolewa na mashine ikaenea duniani. Kongo nayo ina sheria ya haki za watunzi ya Aprili 1986, na tangu 2011 ina shirika la kukusanya malipo hayo, SOCODA. Lakini shirika lolote la malipo hufanya kazi kwa majina. Senti za "Piste 01" zitapelekwa kwa nani?

Nyumbani kwetu, muziki wa mashine haukuja kwa magombo ya karatasi. Wabelgiji walikuwa na ufundi wao wa matundu, tena mkubwa: mjini Antwerp viwanda vya Mortier na Decap vilitengeneza vinanda vya dansi vya ukubwa wa ukuta mzima, vikisoma vitabu vya kadibodi vinavyokunjwa na kukunjuliwa. Kutoka bandari hiyohiyo ziliondoka meli za kwenda Matadi. Kilichopanda meli kwa wingi na kuenea Kongo kilikuwa gramafoni ya kutiwa ufunguo kwa mkono, na santuri zilizovunjika ukizidondosha. Mwaka 1948 Mgiriki Nicolas Jéronimidis alianzisha lebo ya Ngoma mjini Léopoldville, Kinshasa ya leo, na mwaka huohuo Wendo Kolosoy, akisindikizwa na gitaa la Henri Bowane, akarekodi humo "Marie-Louise". Zikafuata lebo za Opika na Loningisa. Wafanyabiashara hawa walijua faida ya duara la karatasi katikati ya santuri. Liliandikwa jina la bendi au mwimbaji, jina la wimbo, lugha na mtindo, nalo likawa tangazo, risiti na cheti cha kuzaliwa kwa pamoja. Ndiyo sababu leo tunaweza kuwataja waimbaji wa Léopoldville mmojammoja hata wale waliorekodi mara moja tu.

Huku mashariki, kwenye milima ya Lubero na pembezoni mwa msitu wa Ituri, hapakuwa na studio. Walikuja wapita njia wenye mashine. Mwaka 1935 na 1936 msafara wa Armand Denis na mkewe Leila Roosevelt ulizunguka Kongo ya Wabelgiji ukipiga filamu na kunasa sauti, na baadaye Wamarekani wakanunua santuri zilizokuwa na nyimbo za Wambuti, yaani Wambilikimo wa msitu wa Ituri, na za Wabira na Wamangbetu. Lebo zilitaja kabila na namna ya wimbo. Mwimbaji alikuwa kabila zima.

Kisha mwaka 1952 alipita Hugh Tracey.

Tracey alizaliwa Uingereza mwaka 1903, akaenda Rhodesia ya Kusini kijana kulima tumbaku, akaishia kuwapenda waimbaji kuliko shamba. Mwaka huo wa 1952 alizunguka Kongo na Ruanda-Urundi na lori lake la kurekodia. Huko Jadotville, Likasi ya leo, alimkuta kijana anapiga gitaa kwa vidole kwa namna ambayo hakuwahi kuisikia. Alikuwa Mwenda Jean Bosco, na "Masanga" ikamfanya ajulikane kuanzia Johannesburg hadi Ulaya. Kaskazini zaidi, ukingoni mwa msitu wa Ituri, Tracey alirekodi Wanande, Wabudu, Wambuti na majirani zao. Ni rekodi za watu waliokuwa wakiimba na kupiga kwa ajili yao wenyewe, katika milima ambayo leo ina Beni na Butembo zilizojaa pikipiki.

Tracey alikuwa mkoloni wa wakati wake, na kampuni ya Gallo iliyouza santuri zake ilitafuta faida. Nayasema hayo wazi kwa sababu huwa yanasahauliwa tunapomsifu. Lakini alikuwa na tabia moja ya karani ambayo kwayo namsamehe mengi: aliandika. Alibeba uma za kupimia sauti ili kujua marimba imetiwa sauti kwa vipimo gani. Kila wimbo ulipewa kadi yenye lugha, mahali, vyombo, kiongozi wa kikundi na maana ya maneno. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika, inayojulikana kwa kifupi ILAM, na mfululizo wake wa santuri ukafika 210, kila moja ikiambatana na maelezo. Rekodi za ukingo wa Ituri zilitolewa tena kwenye CD na kampuni ya Uholanzi iitwayo SWP karibu nusu karne baadaye, na hilo liliwezekana kwa sababu kadi zilikuwepo.

Karibu na wakati huohuo, huko Epulu, magharibi ya Mambasa, Mwingereza mwingine aitwaye Colin Turnbull alikuwa akiishi na Wambuti. Kitabu chake cha mwaka 1961 kilisomwa sana. Aliandika kuhusu elima, unyago wa wasichana wa Kimbuti, na alinasa nyimbo zake. Wimbo mmoja wa unyago huo umefika mbali kuliko wimbo wowote ulioimbwa na Mkongo. Mwaka 1977 Marekani ilirusha vyombo viwili vya angani, Voyager 2 mwezi Agosti na Voyager 1 mwezi Septemba, na kila kimoja kilibeba santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu, yenye salamu za lugha nyingi na dakika tisini hivi za muziki wa dunia. Kati ya Bach na Chuck Berry kuna sekunde 56 za wasichana wa msitu wa Ituri. Voyager 1 imekwisha kutoka kwenye himaya ya jua letu, na bado inakwenda.

Kifuniko cha santuri ile ni lebo ya gombo la kinanda, tena iliyofanywa kwa uangalifu wa ajabu. Kimechorwa namna ya kuweka sindano na mwendo wa kuizungusha, mzunguko mmoja kwa sekunde 3.6, ukiwa umeandikwa kwa alama mbili tu, mstari uliosimama na mstari uliolala, ili hata kiumbe asiyejua tarakimu zetu aweze kuusoma. Ni lugha ileile ya tundu na pasipo tundu. Wahandisi walijisumbua kumwambia mgeni wa nyota nyingine mwendo sahihi. Orodha ya nyimbo, hata hivyo, kwa wimbo wa Ituri imeandika Zaire, unyago wa wasichana, mrekodi Colin Turnbull. Chuck Berry ana jina. Louis Armstrong ana jina. Kesarbai Kerkar wa India ana jina. Wasichana wa Ituri hawana.

Na lebo isiyo na jina ni rahisi kubandikwa popote. Mwaka 1992 Wafaransa wawili, kwa jina la Deep Forest, walitoa albamu iliyochanganya sauti za watu wa misitu na midundo ya kompyuta, ikauzwa kwa mamilioni. Wimbo wake uliovuma kuliko yote, "Sweet Lullaby", wasikilizaji wengi waliudhani ni wa Wambilikimo wa Afrika ya Kati. Ukweli ni kwamba sauti ile ni ya mama mmoja aitwaye Afunakwa, wa visiwa vya Solomon katika bahari ya Pasifiki, akimbembeleza mtoto. Aliyemrekodi ni Hugo Zemp, mtafiti wa muziki. Mwaka 1996 mpiga saksafoni wa Norway, Jan Garbarek, mwanamuziki ninayemheshimu, aliurudia wimbo uleule akauita "Pygmy Lullaby", na kuuandika kuwa wa jadi ya Kiafrika. Zemp alilalamika kwa maandishi. Wambuti walikuwa wamevalishwa wimbo wasioujua, na Afunakwa akavuliwa wake, kwa kosa la maneno machache kwenye karatasi ya albamu.

Hapa naomba niingize jambo la pembeni, kwa sababu linanifurahisha. Huko Mexico City aliishi Conlon Nancarrow, Mmarekani aliyekimbia siasa za nchi yake, ambaye kwa miongo kadhaa alitoboa magombo ya kinanda kwa mkono, tundu kwa tundu, akiandika muziki ambao hakuna vidole vya binadamu vinavyoweza kuufikia. Mtunzi wa Hungaria György Ligeti aliigundua kazi hiyo mwaka 1980. Miaka michache baadaye akazisikia rekodi alizofanya mtafiti wa muziki Simha Arom huko Jamhuri ya Afrika ya Kati, zenye watu wengi wanaopishana midundo bila kugongana. Vitu hivyo viwili, karatasi ya Mexico na midundo ya Afrika ya Kati, vikakutana kwenye vipande vyake vya kinanda ambavyo wanafunzi wa muziki wanatokwa jasho navyo hadi leo. Ligeti alitaja hadharani alikochota, na kwa hilo anastahili sifa.

Turudi kwenye magombo. Karatasi ya viwanda vya mwanzoni mwa karne ya 20 ina asidi ndani yake. Baada ya miaka mia inakauka, inakuwa ya kahawia na kupasuka kingo. Kwa hiyo huko Ulaya na Marekani wako wapenzi wa vyombo hivi wanaoyapiga picha magombo ya zamani kwa skana, wanayasoma matundu kwa kompyuta, kisha wanatoboa nakala mpya. Wengine wana kazi ya kuchapa lebo tu: kisanduku kipya kinahitaji karatasi ya ncha yenye herufi zilezile, fremu ileile, namba ileile. Mtu aweza kucheka kwamba ni kazi ya wazee wastaafu wenye muda. Mimi sicheki. Watu hao wamekwisha kuelewa kwamba gombo lililonakiliwa bila lebo yake limeokolewa nusu.

Kwetu hasara haisubiri asidi. Tangu Oktoba 2014 vijiji vingi vya Beni, kuanzia Eringeti hadi Mbau na Oicha, vimeshambuliwa, na watu wamekimbilia mjini mara kwa mara na walichoweza kubeba. Mara nyingi hicho ni simu. Ndani ya simu zile kuna bibi anayeimba msibani, kikundi cha wanawake cha parokia, mzee anayepiga filimbi. Simu ikipotea njiani, au kadi ikiingia maji, mambo yamekwisha. Ikifika salama lakini haina maandishi, baada ya mazishi mawili matatu hakutakuwa na mtu wa kusema aliyeimba ni nani.

Kuna mfano wa jirani unaoonyesha mambo yanavyoweza kwenda vizuri. Mwaka 1950 Tracey aliwarekodi Wakipsigis wa Kenya, kati yao wasichana walioimba "Chemirocha", wimbo unaomtaja mwimbaji wa Marekani Jimmie Rodgers waliyemsikia kwenye gramafoni. Miaka 65 hivi baadaye, ILAM ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi na mradi wa Singing Wells, ilizirudisha rekodi zile Kenya. Wakazipeleka hadi vijijini, wakakuta wazee waliokuwa vijana siku lori lilipofika. Safari ile isingefanyika kama kadi zingekuwa zimeandika tu "wimbo wa Kiafrika". Zilikuwa zimeandika mahali na watu, basi palikuwa na mlango wa kubisha.

Rekodi za Wanande za mwaka 1952 nazo zina kadi. Kwa hiyo nina maombi mawili kwa msomaji wa Butembo, wa Beni na wa ng'ambo ya mpaka huko Kasese, ambako ndugu zao Wakonzo wanaimba lugha ileile.

La kwanza halina gharama. Ukimrekodi mtu anaimba, kabla ya wimbo kuanza sema kwa sauti yako, ndani ya rekodi yenyewe: fulani binti fulani, kijiji, siku, wimbo wa nini, wapigaji akina nani. Kompyuta ya kibandani inaweza kufuta jina la faili. Maneno yaliyosemwa ndani ya sauti haiwezi kuyafuta bila kuufuta wimbo. Kisha muulize mwenye wimbo kama anakubali ugawiwe, na jibu lake nalo lirekodi. Vijana wa vibanda, nanyi mnaweza kuandika jina la mwimbaji badala ya "Piste 01" mnapomjua, na mara nyingi mnamjua.

La pili linahitaji barua moja. Maktaba ya ILAM iko Chuo Kikuu cha Rhodes, katika mji wa Makhanda, Afrika Kusini, uliokuwa ukiitwa Grahamstown. Ombi la nakala za nyimbo za Wanande na Wambuti linaweza kuandikwa na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, na Radio Moto, na jimbo, au na ukoo wowote unaodhani babu yao alikuwapo siku ile. Liandikwe sasa, wakati bado wapo wazee watakaoweza kusikiliza na kusema: huyu ni fulani.